Jina Langu Nyuma ya Lako

"Wamenifungia," Poongodi alisema, simu akaitupa juu ya godoro kama imemng'ata.

Murasu alikuwa amechuchumaa sakafuni anakata vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Nani kakufungia?"

"Mtandao. Wanasema Malli Poo si jina la mtu."

"Si jina la mtu kweli. Ni ua la asmini."

"Unanicheka, baba kijacho?"

"Sikucheki. Nasema tu, ua ni ua."

Poongodi akaiokota simu, akamsogezea mpaka puani. Murasu aliishia darasa la nne, lakini hayo aliyasoma: *Tumepokea taarifa kwamba jina unalotumia si lako. Andika jina lako halisi na utume kitambulisho ndani ya siku saba, la sivyo akaunti itafutwa.*

"Umeona? Wamepokea taarifa. Maana yake kuna mtu kanishtaki. Nikimjua nitamponda kichwa na jiwe la kusagia."

Murasu akaendelea na vitunguu vyake, akivikata vyembamba kuliko mchuzi wowote unavyohitaji.

Maana mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Siku tatu nyuma, kiwandani, aliazima simu ya mwenzake Palani, akafungua ukurasa wa Malli Poo, akabonyeza pale wanapouliza kama mtu huyu anatumia jina la uongo. Alidhani wakubwa wa mtandao wataufunga ukurasa na mambo yaishe hapo. Hakujua kwamba watamgeukia mkewe na kumwambia ajitokeze hadharani.

Sababu alikuwa nayo. Walipotoroka kijijini kwao kusini, miaka miwili iliyopita, Esakki, kaka yake Poongodi, alikwenda na wenzake wanne nyumbani kwa baba yake Murasu. Mzee alikuwa mpiga ngoma za misiba. Alikuwa amewasindikiza makaburini vizazi viwili vya ukoo wa akina Poongodi bila kuruhusiwa hata siku moja kukanyaga kizingiti chao, maana kwao alihesabiwa mtu wa tabaka la chini. Walimvunja magoti yote mawili kwa mpini wa shoka, ngoma wakaichoma moto mbele yake. "Mwambie mwanao," Esakki alisema, "nitamkata vipande vya kujaza kapu."

Murasu na Poongodi walikimbilia polisi kuomba ulinzi. Afisa aliandika majina yao vizuri, akawaagizia chai, kisha akatoka nje kumpigia simu baba wa msichana. Iliwabidi waruke ukuta wa choo. Tangu hapo Murasu alibaki na imani moja juu ya watu wenye madaftari: ukiwapa jina lako, wao wanalipeleka kwa mwenye panga.

Huku Tiruppur, mji wa viwanda vya fulana, hakuna aliyewauliza wanatoka wapi. Murasu alikata vitambaa, Poongodi alikagua mishono. Cha kwao alichobaki nacho Poongodi ni mdogo wake Kuyili, aliyekuwa anamtumia sauti yake kwenye mtandao kila wiki.

"Toka tu," Murasu alisema. "Futa kila kitu. Mtandao gani unadai kitambulisho kama hospitali ya serikali?"

"Nikitoka, Kuyili nitampata wapi? Simu ni ya mumewe na inakaguliwa. Mle mtandaoni anaingia, anaongea, anafuta."

"Na ukiandika jina lako halisi?"

"Si ndiyo nakuuliza."

"Esakki atalisoma kabla wino haujakauka."

"Wino gani tena, baba kijacho, hii ni simu."

Wote wawili wakataka kucheka, wakashindwa.

"Mimba inaingia mwezi wa saba," Poongodi alisema, sauti imeshuka. "Kila mwanamke wakati huu huletewa bangili na kwao, mama yake anamvisha mikono yote miwili. Mimi atanivisha nani? Mama Rajathi mwenye nyumba?"

"Mama Rajathi naye ana mikono."

"Wewe unajua kukata kitambaa tu. Kumbembeleza mtu hujui. Nipe mpaka Ijumaa nifikirie, kama natoka au nabaki."

Ijumaa akasema, "Nimetoka." Alisema huku amempa mgongo, anakoroga mchuzi. Murasu alilala usingizi wa mtu aliyetuliwa gunia.

Jumanne, kwenye meza ya kukatia, Palani akamgusa bega.

"Kumbe shemeji mjanja hivi, kakuweka mgongoni."

"Kaniweka wapi?"

Palani akamwonyesha simu. Palikuwa na picha ya Poongodi anacheka, na chini yake: *Huenda unamfahamu: Poongodi Murasu, Tiruppur.*

"Hii imekujaje kwako?"

"Inajileta yenyewe, bwana. Mtandao unaisambaza kwa kila anayemjua anayemjua."

Murasu alizima mashine, akatoka mpaka kwenye ngazi za nyuma, akapiga simu.

"Uliniambia umetoka."

"Nilijaribu. Kidole kiligoma."

"Ukaandika jina langu?"

"Niliandika Poongodi M, kama tunavyoandika sote huku kwetu. Wakakataa. Kwao herufi moja si jina, wanataka zima. Sasa la nyuma nilikuwa na mawili, la baba na lako. La baba lilikuwa salama, wangeona binti bado anawaheshimu. Nikaandika lako."

"Poongodi."

"Subiri nimalize. Mke kwetu hamtaji mume kwa jina, na mimi sijawahi kulitamka lako. Nikaona acha nilitamke mara moja, kila mtu asikie. Tena wakijua nina jina lako na mtoto wako tumboni, watakata tamaa waniache. Kama unataka kunigombeza, nigombeze jioni. Msimamizi ananitazama."

Murasu alisimama na simu sikioni. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye macho, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Akafungua mdomo amwambie ni nani aliyemshtaki. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Jioni alimkuta ameketi mlangoni, anatabasamu na machozi.

"Kuyili kaandika."

*Mama ameona jina lako. Amelia, amekusamehe. Jumapili tunaleta sinia za bangili. Tuma nyumba ilipo.*

"Dada yako siku zote hutuma sauti," Murasu alisema. "Leo kaandika kwa nini?"

"Ana furaha."

"Usimjibu."

"Nimeshamjibu."

Murasu akavuta mfuko wa nguo kutoka uvunguni. "Tunahama. Usiku huu huu."

"Hama wewe. Mimi mama yangu anakuja."

"Poongodi, nakuomba."

"Miaka miwili nimekimbia na wewe. Nimeruka ukuta wa choo na sari. Jumapili hii nakaa kwenye kiti."

Akauweka mfuko chini. Angeweza kumwambia palepale. Lakini angeanzaje? Akijua mumewe ndiye aliyemchongea, asingeamini tena neno lake lolote, hata hilo la kukimbia.

Kesho yake, kwa kukosa pengine pa kwenda, alikwenda kituo cha polisi.

"Nani kakutishia?" aliuliza mwenye daftari.

"Bado."

"Basi rudi akishakutishia."

Jumapili asubuhi ua ulijaa. Wanawake wa vyumba vya jirani walileta wali wa ukwaju, wali wa limau, wali wa maziwa ya mgando, na Mama Rajathi akasimamia sufuria la mchuzi wa dengu lililokuwa bado linatokota. Poongodi aliketi kwenye kiti katikati, mashavu yamepakwa manjano. Kila aliyepita alimvisha bangili mbili za kioo, nyekundu na kijani.

"Akitoka wa kike mpe jina langu," Mama Rajathi alisema.

"Akitoka wa kike mwenye sauti yako, mama, tutahama mtaa."

Walikuwa wanacheka bado pikipiki mbili ziliposimama getini. Wanaume watatu waliingia na mashati meupe, kila mmoja na sinia iliyofunikwa kitambaa chekundu, kama inavyotakiwa. Wa mbele alikuwa Esakki.

Murasu alikuwa upande wa pili, anapanga majani ya migomba ya kulia chakula. Aliyaachia yakaanguka.

Poongodi aliinuka, uso umefunguka.

"Kaka. Mama yuko wapi?"

"Anashuka kwenye gari. Kaa, dada. Nyoosha mikono nikuvishe."

Akainyoosha yote miwili. Esakki akaondoa kitambaa. Ndani ya sinia palikuwa na panga la kupinda, lile la kukatia mikungu ya ndizi.

"Nyuma ya jina lako kuna jina gani?" aliuliza. "Litamke nilisikie."

Poongodi alilitazama panga, akamtazama kaka yake.

"Murasu."

Panga likashuka. Murasu alikuwa ameshafika, akalipokea kwa mkono wa kulia, na vidole vitatu vikadondokea kwenye wali wa limau. Pigo la pili lilimpitia Poongodi begani, bangili zikapasuka, vioo vikaruka na damu. Hakulia. Alijikunja akaficha tumbo kwa magoti na viwiko, akampa kaka yake mgongo achague.

Pigo la tatu halikufika. Mama Rajathi alilinyanyua lile sufuria kwa ncha za sari yake akammwagia Esakki usoni. Esakki alilia kama ng'ombe. Wanawake wakamwangukia na michi, na miiko ya chuma, na kiti chenyewe cha Poongodi. Mfupa wa taya ulisikika ukivunjika. Wawili waliokuja naye walikimbilia pikipiki. Mmoja alitupiwa tofali la kisogo, akalala hapohapo getini.

Murasu aliokota panga kwa mkono wa kushoto, akaliweka shingoni kwa Esakki. Uso wa yule mtu ulikuwa malengelenge matupu, jicho moja limefumba.

"Maliza," mtu alisema nyuma yake.

Alitaka kumaliza. Mkono ulikuwa tayari. Aliyaona magoti ya baba yake.

"Baba kijacho," Poongodi alisema kutoka chini. "Mwache. Sitaki kumzalia mtoto baba aliyefungwa."

Panga akalitupa kwenye kisima cha uani.

Hospitali ya serikali iliwapa kitanda kimoja na benchi. Mtoto tumboni alikuwa mzima. Daktari alisema anapiga teke kama kawaida. Mchana alikuja afisa wa polisi na daftari, akitokea wodi alikolazwa Esakki.

"Nyinyi nanyi mnajitakia. Nani aliwaambia mwandike majina yenu huko?"

"Mtandao," Poongodi alisema.

"Basi kaushtakini mtandao." Akafunga daftari.

Kuyili alituma sauti kwa simu ya jirani yake, analia. Esakki alimpora simu tangu Jumatatu. Mama hakujua lolote. Chini ya sauti hiyo palikuwa na ujumbe mwingine, umefika asubuhi ileile: *Poongodi, jina lako limethibitishwa. Asante kwa kutusaidia kuufanya mtandao uwe salama kwa wote.*

Poongodi aliusoma kwa sauti, mara mbili. Kisha akasema, "Ningemjua tu yule aliyenishtaki."

Murasu alikuwa kwenye benchi, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekushtaki. Kwa simu ya Palani. Nilitaka wakufungie, ukae salama. Sikujua kama watataka jina."

Hakumponda kichwa. Ingekuwa afadhali. Aligeukia ukuta, na siku mbili nzima hakumsemesha, hata alipomwita nesi aliita kwa kumrukia yeye kama benchi halina mtu.

Siku ya tatu akashuka kitandani polepole, akakaa karibu naye na bakuli la wali wa maziwa ya mgando.

"Nesi anasema huli."

"Mkono wa kulia huu hapa."

"Wa kushoto je?"

"Huo ni wa chooni. Siwezi kula nao."

"Adabu ya chakula unayo. Ya mkeo huna."

Akafinyanga tonge, akalisogeza mdomoni kwake. Murasu akalipokea, machozi yakichuruzika ndevuni.

"Ungeniambia, 'Poongodi, ninaogopa.' Ni maneno mawili tu. Ningetoka siku ileile."

"Mwanamume anasemaje neno hilo?"

"Anafungua mdomo. Fungua."

Alikula matonge mawili, matatu.

"Sasa utatoka?" aliuliza.

"Mtandaoni au kwako?"

"Popote."

"Mtandaoni sitoki. Nilijificha ili wasije, na wamekuja. Wakinitafuta wanione, jina zima, kila asubuhi, na picha ya mtoto nitaweka."

"Na kwangu?"

Poongodi alifinyanga tonge kwa muda mrefu, mpaka maji ya maziwa yakamchirizika kiganjani.

"Siku nikitaka kutoka kwako nitakuambia usoni. Sitakupitisha kwa wageni kama ulivyonifanyia. Haya, fungua mdomo, wali unapoa."

Ulikuwa umepoa tangu asubuhi. Murasu akafungua mdomo.