Filme ya Bangladesh Yenye Nilifasiria Mbele ya Mama

"Mulozi! Alikula mutoto yake!"

Ni mama Mignonne, jirani yetu, njo alisema vile mu salle ya video ya Kapata, quartier yetu, mbele ya batu bote. Na hakuonyesha écran ya filme. Alionyesha mama yangu muzazi.

Na ile neno, bandugu... ni mi nilimupatia.

Munitukane tu, niko tayari. Haya inanikamata mpaka naandika hii nikificha simu.

Mi ni Mechack. Kapata yote inaniita Traducteur. Filme ya Kihindi ikiingia mu salle ya video, nashika micro, naifasiria batu mu Kiswahili. Kihindi chenyewe sijui hata neno moja! Batu banataka kucheka, mi natia chumvi, bote banarudia kwabo na furaha.

Mwezi uliopita vijana ya quartier balipanga festival. Filme za Bangladesh, Népal na Inde, lakini za batu benye hawana studio kubwa nyuma yabo, banapiga picha na kamera ndogo na nguvu yabo tu. Stéphane, mukubwa wa festival, alinieleza kama chini ya picha kuko maandishi ya Kifaransa, nisome, nigeuze polepole. Akanipatia na clé USB niangalie kwanza ku nyumba.

Sikuangalia. Traducteur muzima, nifundishwe kazi?

Siku ya festival, samedi muchana, salle ilijaa mpaka batu balikaa chini. Nilishangaa kuona mama, juu mama hatokaka ku nyumba. Tangu mudogo wangu Gael afunikwe na udongo mu shimo ya mukuba, kule banachimba shaba, akufe, majirani bote ba avenue banasema ni mama njo alimuloga. Banapita mbele ya mulango ya parcelle yetu bila salamu. Lakini ile siku alivaa pagne ya sikukuu, akakaa mustari wa mbele, majirani bote nyuma yake.

Filme ikaanza. Dansi hakuna. Ngumi hakuna. Ni mama muzee moja tu, amekaa ku mulango, anapepeta muchele, ananyamaza.

Ananyamaza...

Batu balianza kupiga miayo. Moja akaita toka nyuma: Traducteur, unalala?

Jina yangu inakufa hivi naiona! Ile maandishi sikuifuata tena. Nikashika micro:

"Musimuone kunyamaza... huyu ni mulozi. Mutoto alishamukula, sasa anangojea nyama ya pili!"

Salle yote kicheko. Nikanogewa, nikaongeza. Kila muzee akinyamaza, mi namutafutia damu mu kinywa. Mustari wa mbele sikuuangalia hata kidogo.

Pale njo mama Mignonne alisimama, akamutupia mama ile neno.

Kicheko ikakatika. Mama alikaza pagne yake, akatoka polepole. Batu balimupisha, banavuta nguo zabo asiziguse.

Stéphane alisimamisha filme, akanitoa inje. Hakupaza sauti. Akanieleza kama mama yangu, mwenye anapikia comité ya festival chakula, aliona ile filme pale banaijaribu, akaomba bamufasirie. Mutoto wa yule muzee alikufa mu shimo ya majiwe. Kijiji yote inasingizia mama yake. Ku mwisho inaonekana ni patron wa shimo njo alijua udongo unapasuka, akanyamaza. Mama yangu alilia sana, akaomba ionyeshwe. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kualika majirani, hata bale hawamusalimiake.

"Alitaka basikie ile habari mu kinywa yako," Stéphane akasema. "Alisema weye batu banakusikiaka."

Nilikimbia ku nyumba. Mama alikuwa anasonga bukari, ile ugali yetu. Nikapiga magoti, nikamuambia anisamehe, ilikuwa ya kuchekesha tu.

Hakukasirika. Aliweka muiko chini.

"Mechack, ile ulisema kule ni ya filme... ao njo vile unaamini?"

Bandugu, jibu ilikuwa moja: hapana mama. Mutoto yeyote angeisema mbio.

Mi nilichelewa.

Juu tangu tuzike Gael, sikukulaka tena kwa mama. Kila siku aliniwekea sahani, mi namuambia kazi ni nyingi, nakula ku restaurant. Uongo! Nilikuwa naogopa mukono yake. Na pale, mbele ya ile chungu, nikaona mama alishaijua zamani.

"Basi, mwanangu," akasema. Akafunika bukari.

Dimanche kisha misa filme ilirudishwa. Nilisoma kila mustari, sikuongeza hata neno. Mama Mignonne alilia, akaenda kwa mama kuomba radhi. Na bengine balimufuata. Sasa banaingia, banaketi, mama anabapakulia chakula.

Mi ananisalimia vizuri. Ananiuliza kama nililala muzuri. Lakini sahani yangu haiweki tena, na mi sina uso wa kuiomba.

Weye mwenye unasoma: kama batu banasingizia mama yako, usingoje akuulize kama na weye unaamini. Enda leo, ukae, ukule chakula yake.