Patani ya Bibi Fundi

Haya yaliwakuta mama yangu mdogo na binti yake, lakini nilikuwepo, na mdomo wangu ulichangia. Kwa hiyo nitasimulia bila kujipamba.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Mama mdogo alikuwa ametoka kwenda kununua zipu. Mimi nilikaa dirishani nikishona vifungo vya sare za shule, na Pini alikuwa mezani. Pini ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu; jina hilo tulimpa kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake unaochoma. Katika chumba cha nyuma, kilichozibwa kwa pazia la maua, alilala Bibi Fundi.

Bibi Fundi hakuwa bibi yetu wa damu. Ndiye aliyemlea mama mdogo tangu ana miaka kumi na moja, akamfundisha cherehani, na uzee ulipomzidi mama mdogo akamchukua akamtunza. Mali yake yote ilikuwa patani moja, karatasi ngumu za kaki za kukatia gauni la kawaida lisilo na mbwembwe: kipande cha mbele, cha nyuma na mkono. Kutoka kwenye gauni hilo moja mama mdogo alitoa kila mtindo uliokuwa unatamba. Na nguo iliyotoka humo haikuwahi kurudishwa kurekebishwa, uwe mnene, uwe mwembamba. Majirani walikuwa na maneno yao kuhusu hilo. Sisi tulisema ni ufundi.

Sharti lilikuwa moja: patani ile haikatwi. Ukitaka mtindo mwingine unailaza juu ya gazeti, unapitisha penseli pembeni, kisha unakata gazeti lako upendavyo. Kila fundi mwenye akili hufanya hivyo ili ya asili ibaki nzima. Ila Bibi Fundi alilisema kwa namna yake.

"Hiyo nilijipima mwenyewe," alikuwa akituambia. "Hiyo ni mimi. Nichoreni, msinikate."

Tulikuwa tunacheka akigeuka.

Siku hiyo Pini alitaka gauni la kumwaga, lile linalokaa vizuri kifuani halafu linafunguka chini kama mwavuli, avae harusini kwa rafiki yake kesho yake. Magazeti yalikuwa yamekwisha.

"Dada, nikate hii hii?" akauliza. "Nikimaliza nitaiunga."

Vifungo arobaini vilikuwa vinanisubiri na shingo inaniuma. Sikuinua hata kichwa.

"Kata," nikamwambia. "Tutachora nyingine kabla mama yako hajarudi."

Neno hilo moja linanila mpaka leo.

Kugeuza gauni la kawaida kuwa la kumwaga si kazi kubwa. Unapasua kipande cha mbele kwa mstari mmoja, kuanzia pindo la chini mpaka ncha ya ziwa. Kisha unaufunga ule mkunjo wa pembe tatu unaotoka ubavuni kwenda kwenye ncha hiyo. Ukiufunga huo, chini panafunguka penyewe, na pengo lake unaliziba kwa karatasi nyingine. Pini aliibana patani kwenye meza ya mbao kwa pini nne isiteleze, akaingiza mkasi.

Mkasi ulipoanza kupanda, kikasikika kishindo chumba cha nyuma, kama ndoo imeanguka.

"Bibi, upo salama?" nikauliza.

Mzee yuko usingizini, nikajisemea.

Pini akaufunga mkunjo wa ubavuni, akaukandamiza kwa gundi. Nyuma ya pazia mtu akavuta pumzi ndefu, ya kukabwa. Kisha Pini akalifungua pindo, inchi tano kamili. Nikasikia kitu kinachanika taratibu, kitu kibichi, na sauti ile haikutoka mezani.

Nilipaswa kusimama wakati huo. Nilikata uzi kwa meno.

Pini akatafuta cha kuzibia pengo. Chini ya meza palikuwa na karatasi nyeupe, patani ya sketi niliyomchorea wiki iliyopita kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe. Akakata humo kipande chembamba cha pembe tatu, akakipaka gundi, akakibandika katikati ya ile kaki. Akakisugua kwa kiganja kishike.

"Dada," akanong'ona. "Mguu wangu."

Alipandisha sketi. Kuanzia gotini kwenda juu ngozi ilikuwa haipo. Pembe tatu, iliyonyooka, nyama tupu, imekatwa safi kama kitambaa.

Pazia likasogea.

Bibi Fundi alitoka kwa miguu yake, yeye ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunamgeuza kitandani. Alikuwa amepasuka toka goti hadi kifuani. Damu ilimwagika sakafuni kila alipopiga hatua. Na ndani ya mpasuko ule ilikuwa imejaa ngozi changa, laini, yenye alama nyeusi ya kuzaliwa ya mdogo wangu. Alikuwa anaishika kwa vidole viwili, kama anavyoshika mteja kitambaa dukani.

"Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria," akasema polepole. "Kumbe naweza kuongezwa."

Akamkamata Pini nywele. Akamlaza kifudifudi juu ya meza, akachukua mkasi ule ule, akautumbukiza mgongoni na kuanza kushuka nao. Niliruka. Alinipiga kwa nyuma ya mkono nikaangukia cherehani, meno mawili yakanitoka. Pini alikuwa anapiga kelele ambazo sitaki kuzieleza.

Ndipo mama mdogo akaingia na zipu zake mkononi.

"Mwanangu," Bibi Fundi akamwambia kwa upole, bila kugeuka. "Mshike miguu. Anatikisika, nitakata vibaya."

Mama mdogo alikuwa amezoea kumtii tangu utoto. Niliona akisogea. Niliona akiinama. Alipoinuka alikuwa na pasi ya mkaa, na alimpiga nayo usoni kwa nguvu zake zote.

Shavu la Bibi lilipasuka, likajifunga. Shavu la Pini ndilo lililobaki wazi.

Mama mdogo akaidondosha pasi. Aliitazama meza. Akaona kaki iliyokatwa, karatasi nyeupe katikati yake, gundi bado mbichi. Fundi ni fundi, alielewa mara moja. Akashika ncha ya ile nyeupe.

Bibi Fundi akaacha mkasi.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nilikulea mimi."

"Najua, mama," mama mdogo akasema, huku analia.

Akavuta.

Bibi Fundi alifunguka. Sina neno jingine. Alifunguka toka chini mpaka juu, akaanguka pande mbili. Vyote vilivyokuwa ndani vilimwagika kwenye sare za shule.

Daktari aliandika kwamba mzee aliangukia mkasi. Hakuuliza ni mkasi gani unaopasua mtu kwa mstari ulionyooka namna ile. Kaki yote tuliichoma siku hiyo hiyo. Pini alipona, ila ana kovu shavuni na jingine mgongoni, na mama mdogo hajagusa cherehani tena.

Lakini gundi mbichi haiachii safi. Mama mdogo alipoivuta ile nyeupe, ilitoka na utando mwembamba wa kaki upande wake wa gundi. Ngozi ya Pini ilirudi mguuni, na ilirudi na kitu. Kuanzia gotini mpaka kifuani ana utepe wa ngozi ya kizee, wenye makunyanzi, baridi, na vinyweleo vyeupe. Hataki mtu auone isipokuwa mimi. Ninampima kila mwezi. Mwanzoni upana wake pale gotini ulikuwa inchi tano.

Juzi nilipata saba na nusu. Pini alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe, nami ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuivuta futi ya kupimia. Makunyanzi yakajinyoosha yenyewe chini ya vidole vyangu, yakatulia, kama mteja anayesimama wima ili apimwe vizuri.