Barua Aliyoisoma Fredy

Anyesi alikuwa mkulima wa alizeti kijijini Mlali. Alimlea binti yake mdogo, Ruthu, peke yake. Mchumba wake, Obedi, alikuwa mwanajeshi. Kambi yake ilikuwa mpakani, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Kwa hiyo waliandikiana barua.

Anyesi hakujua kusoma. Barua ilipofika aliipeleka dukani kwa Fredy, ambaye alimsomea na kumwandikia majibu. Anyesi alicheka kwa furaha. Hakuona Fredy alivyokunja uso.

Siku moja Fredy alisema, "Anasema usimsubiri. Amepata mwanamke mwingine."

Anyesi aliketi juu ya gunia la mahindi. "Soma tena."

"Ndivyo alivyoandika."

Alirudi nyumbani akiwaka wivu. Huyo mwanamke ana nini? Aliitazama karatasi. Neno moja alilitambua, maana lilikuwa kwenye kadi ya kliniki: Ruthu. Lilikuwapo mara tatu. Mtu anayeniacha, mbona anamtaja mwanangu?

Akaenda kwa Mwalimu Evodia, aliyefundisha watu wazima shuleni kila alasiri.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisomee."

"Marahaba." Evodia akasoma: "'Ruthu hajambo? Nimemnunulia Ruthu viatu. Nikipata likizo nitakuja na mjomba kuposa. Ruthu atakuwa mwanangu.'"

Anyesi alikwenda mbio dukani. "Fredy, nilikukosea nini?"

Fredy aliinama. "Hukunikosea. Ni wivu. Nakupenda siku nyingi, nami nakusomea maneno ya mwanaume mwingine, unacheka mbele yangu. Nisamehe."

Anyesi aliikunja barua yake, akatoka dukani. Alirudi kwa Evodia. "Leo umenisomea wewe. Kesho je?"

"Kesho njoo darasani. Leta daftari na kalamu tu. Tutaanza na jina lako."

"Nina miaka thelathini na mbili, mwalimu!"

"Tunaye bibi wa miaka sitini. Ameshajua kuandika majina ya wajukuu wake."

Anyesi alisoma kila alasiri baada ya shamba. Kwa miezi mitano Evodia alimsaidia kujibu barua. Mwezi wa sita aliandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka: "Obedi, nimeandika mimi. Njoo."

Obedi alijibu kwa kurasa nne. "Nilikuwa naona mwandiko wa mtu mwingine," aliandika, "wivu ukanitafuna. Sasa nimetulia."

Likizo ilipofika, Obedi na mjomba wake walileta barua ya posa. Mzee Mazengo, baba yake Anyesi, alitaka kumwita msomaji.

"Nitasoma mimi, baba," Anyesi alisema. Akasoma polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Mnatujibu nini?" mjomba aliuliza.

Mzee Mazengo alitabasamu. "Muulizeni aliyesoma."

"Nimekubali," alisema Anyesi.