Unga Mweusi wa Migomba

Honda XL ilikuwa inakimbia kilomita mia na ishirini kwa saa. Muleba ilishabaki nyuma.

"Kagera Tatu, uko wapi?" redio ikakoroma sikioni mwa Kokubanza.

"Kemondo."

"Mnunuzi tumemdaka uwanja wa ndege Bukoba. Muuzaji hajafika."

"Hatakuja huko moja kwa moja. Namjua."

Mungu wangu, alivyomjua! Mushumbusi, mtafiti wa maabara Muleba, alikuwa mchumba wake. Miaka minne maabara ile ilichoma migomba ikapata unga mweusi. Unywele mmoja uupasue mara elfu ndipo upate chembe ya unga huo. Kijiko kimoja kilinasa vijidudu vya kipindupindu katika pipa zima la maji. Sasa, kabla unga haujasajiliwa, jamaa kaiba sampuli na kanuni ya kuutengeneza awauzie wageni. Kesho watuuzie sisi wenyewe migomba yetu! Aibu gani hii?

Ila Mhaya haendi ng'ambo bila kula kwa mama yake. Polisi wenzake Kokubanza waliziba barabara ya uwanja. Yeye akakata kona, Ijuganyondo.

Prado nyeusi ya Mushumbusi ilikuwa kibanjani, kati ya migomba ya mama yake.

Akachomoa Glock. Akasita, akairudisha kiunoni.

"Kaboneka, waitu!" Mama Agnetha, mamake Mushumbusi, akamkumbatia. "Mkamwana wangu, nawe umekuja kumsindikiza? Kaa ule."

Mushumbusi aliganda, tonge la ndizi mkononi. Mama akaingia jikoni kuleta sahani nyingine.

"Lete chupa ya unga," Kokubanza akanong'ona.

"Koku, ningekutumia tiketi. Naapa."

"Kipindupindu kilimuua kaka yangu. Ulilia nami kaburini! Halafu dawa yake unaiuza?"

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Chupa na flashi yenye kanuni vikawekwa mkekani.

"Mama asione pingu," Mushumbusi akaomba.

"Maliza kula."

Alikula polepole, akanawa, akatoka. Polisi, walioitwa na Kokubanza redioni, walimpokea nje ya kibanja.

Mama Agnetha akamfuata Kokubanza na ndizi zilizofungwa kwenye jani, bado za moto.

"Mtakula njiani. Eti, harusi ni lini?"

Kokubanza akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili.

"Haipo tena, mama. Nimemkamata mimi mwenyewe. Nisamehe."

Akainuka kabla hajajibiwa, akavaa helmeti, akawasha Honda.