Anayenusa Jikoni

Siku rafu ya majani ilipopigiliwa ukutani jikoni, walikuwapo watu wanne: seremala mwenye nyumba, mkewe, mama yake seremala ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mtoto mchanga waliyemwita Bonge kwa ajili ya mashavu yake.

Mke ndiye aliyeitaka rafu. Alitaka dawa ndogondogo za nyumbani ziwe karibu: mchaichai wa mafua, mnanaa wa tumbo, mkaratusi wa kujifukiza. Mama mkwe alimfundisha kwa upole, akinusa badala ya kutazama. Kausha kivulini. Weka kwenye bakuli. Usikaze kifuniko, tandaza kitambaa chepesi tu, na kila alasiri ukifunue.

"Yupo anayenusa," alisema. "Alikuwa kwa mama yangu, akanifuata mimi. Akishiba harufu ya majani, haombi kingine."

"Huyo mgeni wako, mama, chai anaweka vijiko vingapi vya sukari?" seremala akatania, wote wakacheka.

Lakini wadudu waliingia kwenye bakuli. Mke akahamishia majani kwenye chupa za kioo na kukaza vifuniko. Rafu ikapendeza. Mama mkwe alipouliza, "Unafunua, mwanangu?" alijibu, "Nafunua, mama." Hakutaka kumuudhi mtu aliyekuwa akimbebea mtoto ili yeye apate usingizi.

Kwanza mnanaa ukapoteza harufu. Alifungua chupa, akanusa, ikawa kama kunusa karatasi. Kisha mbu. Walimuuma yeye, wakamuuma seremala, ila kwa Bonge walipita tu kama wanapita juu ya gogo. Asubuhi moja alimbusu mtoto utosini, akashtuka. Hapakuwa na harufu ya maziwa, wala ya jasho, wala ya mtoto. Na yale mashavu yalikuwa yamebonyea.

Mama mkwe alimpakata, akamnusa shingoni.

"Mwanangu, kweli unafunua?"

"Nafunua."

Mama mkwe alipokwenda kujilaza, mke alifungua chupa zote harakaharaka, akajiambia yameisha.

Alasiri hiyo alikuwa uani akianika nepi aliposikia pumzi jikoni, pumzi ya kuvuta tu, ndefu, isiyotoka, inavuta na kuvuta kama mtu anayemalizia uji kwenye bakuli, na alipokimbia hadi mlangoni aliona chupa ziko wazi kama alivyoziacha, majani hayajaguswa, na Bonge amelala mkekani, macho wazi, halii, nywele zake laini zimesimama zote kuelekea juu, kwenye hewa tupu, ambako kitu kisichoonekana kilikuwa kimemwinamia.

Alimnyakua mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshafika, akipapasa ukuta.

"Mama, nilifunika," mke alinong'ona. "Nimekudanganya."

Mama mkwe hakumgombeza. Alimshika bega tu. "Ameshaonja mtu. Majani hayamtoshi tena."

"Basi achukue harufu yangu!"

"Yako? Na huyu atalijuaje ziwa lako? Kitoto kama hiki kinamjua mama kwa pua." Akavua mtandio, akainamisha shingo yake yenye mikunjo. "Wewe, njoo huku. Nimekulisha miaka yote. Chukua ya kwangu, kisha utoke humu, usirudi."

Pumzi ikahama. Mama mkwe alitetemeka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, chupa zikagongana kwenye rafu, kisha mlango wa uani ukajibamiza. Bonge akapiga kelele. Mama yake alipozamisha pua utosini mwake, maziwa na jasho vilikuwa vimerudi.

Jioni mbu alimuuma Bonge shavuni, na mke akalia kwa furaha. Mama mkwe akacheka, akanyoosha mikono ampokee kama kawaida. Mtoto alimnusa, akajikunja, akalia kama aliyekabidhiwa kwa mtu baki.

Ikawa hivyo kila siku. Bibi alimwimbia nyimbo zilezile, mtoto akazidi kupiga mateke.

"Meno hayo yanaota," seremala alisema.

Mke akageukia rafu, machozi yakimlengalenga.

"Futa machozi, mwanangu," mama mkwe alimwambia walipobaki wawili. "Si anakua? Mimi nilitaka hilo tu."

Mwezi uliofuata, mama mkwe alihamia kwa binti yake mkubwa.