Karanga Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Siwema anakaa Tabora na mama, baba, na mdogo wake Hamdani.

Hamdani aliumwa sana. Sasa amepona. Anacheka, ufizi wote nje.

Mama alikuwa ameweka nadhiri. Mtoto akipona, watoto wa mtaani watakula karanga, sawa kwa sawa, na ziishe zote.

"Mgawaji ni wewe," Mama akamwambia Siwema.

Mtaani kuna watoto kumi. Lakini watakuja wangapi? Wengine huenda shamba, wengine huenda kwa bibi zao.

Siwema akajaribu. Akahesabu karanga elfu moja, akazigawa mafungu matatu, kana kwamba wamekuja watatu. Chwa, chwa, chwa.

Ikabaki moja.

Najua mnachofikiri. Si aile yeye, yaishe? Hapana, nadhiri ni nadhiri. Karanga ni za wageni.

Siwema akaogopa. Ikibaki moja, wageni wataigombania, na siku ya Hamdani itaharibika.

Baba akakuna kidevu. Akasema iko namba moja kubwa, tena ina huruma. Inaitwa elfu mbili mia tano na ishirini.

Wakija wawili, inagawanyika. Wakija saba, inagawanyika. Wakija nane, tisa, hata kumi, inagawanyika.

"Hakibaki kitu," akasema Baba. "Habaki mtu."

Basi Baba na Siwema wakahesabu. Chwa, chwa, chwa. Kidole kikichoka, wanahesabu kwa kingine.

Jumamosi watoto wakaja. Wawili. Watano. Tisa. Kumi!

Siwema akashukuru kimoyomoyo. Kila mmoja atapata karanga mia mbili hamsini na mbili.

Hakibaki kitu. Habaki mtu.

Mara, hodi! Ni Mrisho, mtoto mgeni wa jirani, amefika leo kutoka Urambo.

Mrisho ni wa kumi na moja. Kumi na moja Baba hakuitaja.

Lakini mgeni hafukuzwi. Mrisho akakaribishwa mkekani.

Siwema akagawa. Moja yako, moja yako, moja yako. Chwa, chwa, chwa.

Mafungu yakakua. Kila fungu likafika karanga mia mbili ishirini na tisa.

Ikabaki moja.

Watoto wote wakaitazama. Siwema akataka kulia.

Mrisho akauliza, "Na wewe, fungu lako liko wapi?"

Siwema hakuwa na fungu. Alihesabu watu wote, akajisahau mwenyewe.

"Basi hiyo sisi wageni tunakupa wewe," akasema Mrisho.

Watoto wakakubali. Hakuna aliyegombana. Siwema akaitafuna polepole, na ilikuwa tamu kweli.

Hakibaki kitu. Habaki mtu.

Jioni Mama akawafunika Siwema na Hamdani kwa kanga moja.

"Siku ile ya nadhiri nilimtajia Mungu jina la Hamdani tu," akasema Mama. "Leo namshukuru kwa ajili yenu wote wawili."

Siwema akaitikia amina. Akalala.