Dakika Kumi na Mbili za Mama

"Huyo mpigapicha wako asikanyage hapa kwangu," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Na wazazi wake wasijisumbue kuja na posa Jumamosi."

Ilikuwa Jumatatu. Juu ya meza ya kukatia vitambaa kulikuwa na mfuko wa mitumba. Uliletwa asubuhi na mteja wake mmoja, mama wa watu mwenye roho nzuri, ambaye hata gauni alilokuja nalo lilishonwa na mama yangu. Alikuwa ametazama makala yetu ya televisheni kuhusu shida ya maji, akaguswa, akaona amletee fundi wake nguo za kujisitiri. Fundi aliyekaa kwenye cherehani miaka ishirini na sita, aletewe nguo kuukuu. Mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi kukaa.

Mimi ni mhariri wa picha kwenye kituo cha televisheni. Kazini wananiita Mkasi, kwa sababu kazi yangu ni kukata. Mchumba wangu ndiye anayeshika kamera. Tulipopewa makala ya mitaa yenye mabomba yasiyotoa maji, mimi mwenyewe ndiye niliyesema twende kwa mama.

Mama alizungumza dakika kumi na mbili. Alieleza jinsi wanaume wa mtaa, baba yangu akiwemo, walivyochimba mtaro wa bomba kwa mikono yao. Jinsi baba alivyofariki na bomba bado kavu. Jinsi yeye na wanawake wenzake walivyotuma barua tisa ofisi ya maji, na ya kumi wakaipeleka wenyewe, wanawake arobaini. Alipomtaja baba alilia kidogo, akajifuta, akaendelea.

Kwenye televisheni zilitoka sekunde thelathini. Mama analia, halafu ndoo tupu. Basi. Hakuna mtaro, hakuna barua, hakuna baba.

Na mama, kama watu wengi, aliamini mwenye kamera ndiye aliyefanya yote. Mimi kwake nilikuwa mtu wa kukaa kwenye kompyuta tu.

Nilitoka nje nikampigia simu mchumba wangu.

"Mama amekataa," nilimwambia. "Anasema umemvua nguo mbele ya watu."

Najua alikuwa anaikumbuka siku ile aliposimama nyuma ya kiti changu, akaniambia kwa upole kwamba pale mama anamlilia mume wake, si ndoo. Nikamjibu asinifundishe kazi, watazamaji wanataka kuguswa. Mkuu wetu alipoiona aliisifu mbele ya ofisi nzima, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

"Usimwambie ni wewe," alisema. "Mimi akinichukia nitavumilia. Wewe ni mama yako."

Nikakubali. Naona aibu kuliandika hili: nilikubali haraka, hata sikujifanya kubisha.

Jumanne nzima mama hakupokea simu yangu. Jumatano asubuhi ukaingia ujumbe wa mchumba wangu: "Nakwenda kwa mama saa nne. Siwezi kukupoteza bila kuomba msamaha." Nikaaga kazini, nikakimbia na begi la kompyuta mgongoni.

Nilimkuta amesimama, hajakaribishwa kiti. Mama alikuwa anamsema kwa sauti ya chini, na mama akishusha sauti ujue mambo yameharibika. Kwamba amemfanya ombaomba. Kwamba wateja sasa wanamwonea huruma hata anapowapima viuno. Kila neno mwenzangu alilijibu, "Nisamehe, mama."

Ghafla mama akaacha kushona.

"Hebu nikuulize. Siku ile nilipomlilia mume wangu, uliacha maswali yako. Ukanipa kitambaa chako nijifute, ukangoja mpaka nikatulia. Mtu wa namna hiyo, imekuwaje akaja kunitangazia njaa?"

Mwenzangu aliangalia sakafu, na hakunitupia jicho hata mara moja. Hapo ndipo nilipojiona mdogo kuliko sindano. Mwanaume ninayempenda alikuwa anamalizwa mbele yangu kwa kosa langu, nami nimesimama tu nimekumbatia begi.

"Mama, ni mimi," nilisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekata. Yeye alirekodi kila neno lako, na alinikanya. Nikayatupa."

Mama alinigeukia.

"Habari za barua zangu ulizisikia?"

"Nilizisikia."

"Na za baba yako?"

"Nilizisikia, mama."

"Na huyu siku zote hizi namsema vibaya, amenyamaza tu?"

"Alisema bora umchukie yeye."

Mama akavuta kiti, akamsogezea mpigapicha. Kisha akaniamuru nifungue kompyuta nimwonyeshe yote. Tukatazama watatu, dakika zote kumi na mbili. Ilipofika pa baba mama alilia tena, nami nililia kumshinda. Ilipoisha akaifunga kompyuta mwenyewe.

"Waambie wazazi wako waje Jumamosi," alimwambia mwenzangu.

Nikataka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono.

"Mkwe nimempata," alisema. "Mtoto bado namngoja."

Nilimwelewa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, nikamwomba makala irudiwe na maneno ya mama yote, na itajwe wazi kwamba mara ya kwanza niliyakata mimi. Akanionya kwamba nitajiharibia jina. Nikamwambia jina ni langu. Tulivutana mpaka akachoka, na Ijumaa ikarushwa. Sitawadanganya, bomba mpaka leo halitoi maji. Ila ofisi ya maji imeshawaita wale wanawake kikaoni mara mbili, na mama ndiye msemaji wao.

Jumamosi wazazi wa mwenzangu walifika mapema. Mama alikuwa hajaniambia lolote kuhusu makala mpya, kwa hiyo nilikaa pembeni, karibu na mlango. Akawatambulisha mashangazi, akawatambulisha wajomba, kisha akaja mpaka nilipokaa. Akanishika mkono, akaniinua.

"Na huyu," aliwaambia, "ni mwanangu."